Mkono Wangu Mwepesi

Kujisifu kwangu ndiko kulikonitia aibu. Mie hutoa malaika, vinyweleo vya mwilini, kwa nta ya sukari na ndimu, na mtu asipige hata kelele. Ijumaa iliyopita shangazi mmoja wa Likoni, aliyesikia sifa zangu, aliniita nikamtayarishe mpwa wake, bi harusi anayeolewa mke wa pili.

Nilimkanda miguu kwa barafu, nikamkausha, nikampaka poda. Kila nikibandua naivuta ngozi kwa kiganja, asisikie uchungu. Hakusikia. Hata hivyo alilia.

"Mke mkubwa hajaambiwa, dada," akasema. "Namwonea imani, maskini."

Nikacheka. "Usimlilie huyo! Mwanamke mumewe anaoa naye hana habari, si zuzu huyo? Lete mguu wa pili."

Tukacheka sote, shangazi mpaka machozi. Mara kwenye simu ya bi harusi ikaingia picha kutoka msikitini: nikaha imeshafungwa. Bi harusi akanigeuzia nimwone bwana wake.

Alikuwa amevaa kanzu niliyoipiga pasi asubuhi kwa mikono yangu hii. Mume wangu aliniaga kwamba anakwenda harusini, na wallahi hakunidanganya.