Siku Kufuli Alipopita Mbele ya Baraza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo natazama chini, ingawa wengi waliokuwapo wameshatangulia mbele ya haki na hakuna wa kunisuta. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeketi barazani mtaani kwetu hapa Amu na wenzangu watano, na rafiki yangu wa chanda na pete akapita mbele yetu akienda gatini kusafiri. Alitoa salamu, nikaitikia. Sikuinuka.

Nimekumbuka kwa sababu yako. Wiki hii kundi lenu la simu linawaka moto. Timu imemtoa Swaleh, yule anayeingizwa dakika za mwisho kulinda ushindi, ikapewa vijana wawili wa Kizingitini ambao hata majina yao hamyajui. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mwalimu ni mjinga na kwamba hutakanyaga gatini kesho. Nimeyasoma, miwani ninayo. Basi kaa nikusimulie, halafu uamue.

Sisi nasi tulikuwa na Swaleh wetu. Jina lake Lali, ndiye huyo rafiki yangu, lakini mtaa mzima ulimwita Kufuli. Alikuwa beki, na pumu ilimfupishia pumzi, hivyo hakuweza kucheza mechi nzima. Mwalimu wetu, Bwana Shee, alimweka kando mpaka zibaki dakika ishirini. Tukiwa tunaongoza, Lali huvua shuka aliyojifunika, huikunja vizuri na kuiweka juu ya benchi, kisha huingia. Basi mwanangu, hapo mashabiki walianza kutafuta viatu vyao warudi nyumbani, kwa maana mechi imekwisha. Sijaona mtu kama yeye. Hakuwa na mbio wala kimo, ila alikuwa akijua mpira utakwenda wapi kabla mwenye mpira hajaamua.

Msimu mmoja tukasikia Bwana Shee amekubaliana na timu ya Kizingitini. Lali aende kwao, wao watuletee vijana watatu wa Pate. Vijana wenyewe walikuwa wembamba, mmoja hata ndevu hajaota. Baraza ikachafuka. Mmoja wetu akauliza kama watatu wale ukiwapima pamoja watafikia uzito wa mguu mmoja wa Lali. Mwingine akaapa hatavaa tena fulana ya timu, akakaa bila kuivaa siku nne, kisha akairudia kwa kuwa hakuwa na nyingine. Mimi niliyejiona msomi nikamwendea Bwana Shee mbele ya watu nikamwambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Bwana Shee alikuwa mshonaji wa kofia, na hata mazoezini alisimama na kofia mkononi akitia sindano. Hakuiacha kazi yake. Aliniuliza tu mara ya mwisho tulipoongoza mechi ilikuwa lini. Nikafikiri, nisikumbuke. Akasema, "Nyumba haina kitu ndani, wataka kuitia kufuli ya nini?"

Nilikasirika zaidi, maana nilijua ana haki. Washambuliaji wetu walikuwa wamezeeka. Mechi baada ya mechi Lali alikaa kando na shuka yake mpaka kipenga cha mwisho, na umri wake unapita pale pale benchini. Kizingitini nao walikuwa na timu inayofunga mabao mengi na kurudishiwa yote dakika za mwisho. Hayo yote tungeyajua kama tungemuuliza Lali mwenyewe. Tulimpenda sana, mwanangu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Badala yake tukapanga kumkomoa Bwana Shee. Wewe wajua ada yetu. Mtu akisafiri, watu hukusanyika mlangoni kwao, fatiha husomwa, udi hufukizwa, kisha husindikizwa mpaka gatini, na mkoba wake hubebwa na wengine. Sisi tukapatana kwamba siku hiyo asiende mtu, ili Bwana Shee aone kwamba mtaa mzima umekataa.

Mamake Lali, Bi Rukia, alikuwa amepika mkate wa sinia na kupanga vikombe vya kahawa kwa watu thelathini. Nilikuja kuyajua hayo baadaye. Aliyefika alikuwa Bwana Shee peke yake. Akasoma fatiha, akanywa kikombe kimoja, akajitwisha mkoba wa Lali, na bega lake moja lilikuwa bovu tangu ujanani. Ndivyo walivyopita mbele ya baraza yetu: mzee na mkoba, mama akijifuta machozi kwa ncha ya buibui, na Lali katikati. Lali akatoa salamu, tukaitikia huku tukitazama ukuta wa upande wa pili. Kususa kule tulimkusudia mwalimu. Lali angejuaje?

Baada ya saa nzima hivi Bwana Shee akarudi, na wale vijana watatu nyuma yake, maana boti iliyowaleta ndiyo iliyomchukua Lali. Hao nao hawakupokewa na mtu ila yeye. Akasimama mbele yetu, jasho linamtoka. Nilitazamia matusi, na ningeyafurahia.

"Mimi mungenitukana yeo na kesho, ningewasamehe, ni haki yenu," akasema. "Lakini huyu mwasema mwampenda. Amepita ndia hii hii, mbele ya mato yenu, na mkoba wake umebebwa na mzee. Hayo mapenzi yenu, mumemwekea nani?"

Kisha akawageukia wale vijana akawaambia kwa upole, "Hawa ndio watu wenu. Wapeni salamu." Wakatupa salamu. Hakutusema vibaya kwao, siku ile wala siku nyingine, na kwa hilo nitamheshimu mpaka naingia kaburini.

Ungedhani niliondoka pale pale kwenda kumwomba Lali radhi. Aa, kiburi cha ujana hakikupi ruhusa. Nilikaa msimu mzima, mpaka Kizingitini walipokuja kucheza Amu. Walikuwa mbele kwa bao moja. Dakika ishirini za mwisho nikamwona Lali ng'ambo ya uwanja anavua shuka, anaikunja, anaiweka juu ya benchi. Na mashabiki wetu, mwanangu, kwa mazoea tu, wakaanza kutafuta viatu vyao. Tukacheka. Halafu hakuna aliyecheka tena. Alitufungia nje kama alivyokuwa akiwafungia wengine kwa ajili yetu, na mechi ilipokwisha akaenda zake botini bila kupita barazani.

Ijumaa iliyofuata nikapanda boti kwenda Kizingitini. Nilimkuta akisaidia watu kupakua kamba wakubwa, mwili umenawiri. Alinipokea vizuri, akanitandikia mkeka, akaniletea chai. Nikamweleza kila kitu, kwamba hasira zetu zilikuwa kwa Bwana Shee. Alinisogezea kikombe. Kisha akasema, "Akufukuzaye hakwambii toka. Mimi nilijua ndiyo maana yake. Siku ile niligeuka nyuma mpaka gati la Amu likapotea, nikisema labda mumechelewa."

Alinisamehe, na tulibaki ndugu mpaka alipofariki. Lakini maneno yale sikuweza kuyafuta, wala yeye hakuweza kuirudisha siku ile atungoje tena.

Wale vijana watatu? Mmoja alirudi kwao kabla mwezi haujaisha. Wa pili alikuwa mchezaji wa kawaida, Mungu ambariki. Wa tatu, yule asiye na ndevu, anaitwa Kombo, na ndiye mwalimu unayemtukana kwenye simu yako. Mwulize anakumbuka nini kuhusu siku aliyofika Amu. Hatakutajia baraza yetu. Atakwambia habari za mzee mwenye bega bovu aliyemngojea gatini peke yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Mwalimu mlaumu ukitaka, huenda amekosea, na mpira utasema. Lakini hasira yako kwa aliyeamua isimwangukie anayeondoka, wala isimngojee anayekuja, kwa maana hao wawili hawakukukosea kitu. Ukimpenda mtu, mapenzi yako yainuke barazani yakabebe mkoba. Swaleh anaondoka kesho saa nne. Magoti yangu ni mabovu, lakini nitakuwa mlangoni kwao saa tatu, na wale wawili wakishuka botini nitataka kuwajua majina. Nataka nikukute.

Mungu akupe umri na moyo mwepesi, mwanangu. Akujaalie usiondoke mahali ukageuka nyuma usione mtu, wala usifike mahali ukatazama mbele usione mtu. Amin.