Koti la Baba Nyamizi

Nimekosa mimi, na sitafuti wa kumsingizia. Simu ilikuwa yangu, kidole changu, kiherehere changu. Jina langu liacheni. Wanaohusika wakisoma watanijua, na hao wananitosha.

Mimi ni Mzaramo wa Dar, msusi wa nywele. Ugonjwa wangu ni picha za mitaani: fundi baiskeli, mama muuza vitumbua, paka juu ya ukuta, chochote kile. Naweka stetasi, watu wanasifia, kichwa kinavimba.

Ninayesuka naye saluni, Nyamizi, ni Mnyamwezi wa Tabora. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu enzi zile wao wanakuja pwani kwa miguu, mizigo kichwani. Basi kwetu ni matusi kutwa! Mimi namwita mbeba mizigo, yeye ananiita mvivu mla nazi. Mteja mgeni anadhani tutashikana mashati, kumbe ndiyo mapenzi yetu.

Mwezi wa saba akaniambia, "Wewe mvivu, si unapenda picha? Nenda kwetu ukaone kipupwe. Mimi na tumbo hili siendi popote. Baba atakupokea." Mimba ilikuwa imekua, na ya kwanza ilishawahi kumtoka, kwa hiyo daktari alimwambia atulie kabisa.

Jamani, baba yake! Alinifuata stesheni na koti lake refu jeusi, limepauka mabegani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mvivu! Zamani mlikaa pwani kutungojea tuwaletee mizigo. Leo mmetufuata wenyewe, tena na simu!"

Lile koti lilikuwa na kifungo kimoja chekundu katikati ya vyeusi. Alikishona Nyamizi akiwa mdogo, kwa mkono wake, kimekaa upande. Mzee alikataa kibadilishwe. Wala hakumwazima mtu koti hilo, hata mwanawe wa kiume.

Kila asubuhi tulizunguka wote mtaa wa Ng'ambo. Baridi kavu, upepo na vumbi, midomo inapasuka. Nilipiga picha akina mama waliojifunika mashuka wakiuza asali na michembe, vile viazi vilivyokaushwa. Nilipiga picha mafundi cherehani wanapuliza vidole ndiyo washike kitambaa. Mzee ndiye aliyeniombea ruhusa kwa kila mtu. Nikimgeuzia yeye simu, anakunja uso, anapiga kelele, "Ngoja kwanza nifunge kifungo!"

Asubuhi moja hakuamka. Presha, walisema hospitali. Mungu wangu, mtu tuliyekula naye ugali jana yake!

Kaka yake Nyamizi akatuita wote uani. "Nyamizi asiambiwe mpaka ajifungue salama. Mumewe anajua. Mtu asiweke kitu chochote kwenye simu." Nikaitikia. Tena niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Tulipotoka kuzika, akina mama wakaanza kuuliza, "Mtani yuko wapi? Mbona msiba umepoa?" Mnajua kazi ya mtani msibani: kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, wafiwa wacheke. Nikalitoa koti pale lilipotundikwa, nikalivaa, nikashika na fimbo ya mzee. Nikakunja uso, nikapiga kelele, "Ngoja kwanza nifunge kifungo!" Watu walicheka huku wanalia. Mama Nyamizi, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, alicheka mpaka akakaa chini. Jirani alinipiga picha kwa simu yangu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya jambo jema. Lakini mimi huyu!

Jioni nikakaa kuangalia picha. Ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopiga safari nzima. Nikajisemea, nikiwakata waombolezaji nyuma, nikabaki mimi na koti na ukuta, nani atajua? Nikakata. Nikaweka stetasi, nikaandika, "Kipupwe cha Tabora si mchezo!" Sikutaja msiba hata kwa herufi moja. Nikajiona nina akili.

Nyamizi akapiga. Nikapokea nikisubiri matusi yangu.

"Umevaa koti la baba."

"Baridi, shoga. Kaniazima."

Halafu akasema taratibu, "Baba hamwazimi mtu koti lile. Na mbona umekunja uso kama yeye?"

Yeye ni Mnyamwezi, anajua mtani anavaa nguo za mtu lini.

"Mmeshamzika?"

Nikaangua kilio. Nikasikia ukelele wake, simu ikaanguka, nami nikabaki naita jina lake.

Alikuwa peke yake nyumbani, mumewe hajarudi kutoka kazini. Hakukuwa na wa kumshika, wala wa kulia naye. Majirani ndio waliovunja mlango wakamkimbiza hospitali, akajifungua kabla ya wakati wake. Mtoto alipona, Mungu ni mwema, mtoto wa kike. Lakini siku aliyozaliwa mwanawe ndiyo siku aliyojua hana baba, na kila mwaka zitakuja pamoja. Hilo nimelifanya mimi!

Nilijua nitafukuzwa pale Tabora. Wapi! Kaka mtu alinipokonya koti tu, akalikunja. Mama Nyamizi akasema, "Ni mtani, mtani hakasirikiwi." Heri wangenipiga.

Wewe unayependa picha za safari, nisikilize. Msibani simu iache mfukoni. Usijidanganye kwamba umekata, umeficha, hukuandika kitu. Mimi nilikata watu wote nikaacha kifungo, kimekaa katikati ya kifua, chekundu. Mwenye kukishona alikiona kabla hajaniona mimi. Na mtu akikuambia nyamaza, basi na picha zako zinyamaze.

Niliporudi Dar nilikwenda kumwona. Nikapiga magoti mlangoni, nikamwambia nitukane, niite mvivu, niite chochote.

Akaniinua. Akanivutia kiti, akaniwekea chai.

"Karibu, dada," akasema. "Habari za safari?"

Mpaka leo tunasuka saluni moja, na kila asubuhi Nyamizi ananisalimia kwa adabu.