Bima Iliyokosa Mtu Mmoja

Tarehe 3 Novemba 2014, karakana ya makabati ya Harlan Tveit mjini Duluth, Marekani, ilikuwa na wafanyakazi sita. Harlan alikubali kuwalipia nusu ya bima ya afya, lakini kampuni ya bima haingewapokea wasipojiandikisha watu wanne. Walijiandikisha watatu.

“Bosi, mimi sijui hata kukohoa,” alisema Brody, fundi rangi. “Niongezee mshahara tu.”

“Ngoja uzeeke, huo mdomo utajifunga wenyewe,” alisema Lorna, fundi mkongwe, ambaye mumewe alihitaji matibabu ya saratani.

Brody alicheka, akakataa. Basi Lorna aliuacha ufundi, akaenda kupanga bidhaa katika duka kubwa linalowapa wafanyakazi wake bima ya afya. Harlan alimbebea zana zake hadi garini. Karakanani walibaki watano, wote bila bima.