Kijiko cha Pili cha Fausta

Pale Kivukoni, nje kidogo ya Ifakara, wasafiri waliosubiri pantoni walimjua Fausta kwa wali wake na kwa mdomo wake. Wali ulikuwa laini, mdomo haukuwa. Alikuwa pia mwenyekiti wa jumuiya ya Kikatoliki mtaani kwake, na kwa umbo alilojaliwa, hakuna aliyemdhania kuwa mtu wa kufunga.

Mwaka 1993 Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja. Siku chache kabla, wahubiri wa pande zote mbili walikuwa wamepita na vipaza sauti, kila mmoja akichambua kitabu cha mwenzake, na walipoondoka waliacha watu wamenuniana. Hata Mwanahawa, muuza vitumbua, jirani ya Fausta tangu wote wawili ni maharusi, alianza kupita na salamu ya haraka huku macho yakiwa mtoni. Hilo lilimuuma Fausta kuliko mahubiri yote. Mwanahawa ndiye aliyempokelea mtoto wake wa kwanza, mafuriko yalipofunga njia ya hospitali.

Basi kwenye mkutano wa jumuiya akasimama, akatangaza kwamba ataanza Kwaresima kwa kufunga kama majirani zake: si chakula, si maji, mpaka jua lizame. Mzee Donati, aliyejipa mwenyewe kazi ya kulinda dini, akamuuliza kama anataka kusilimu. Silvano, mume wa Fausta, hakuuliza kitu. Alicheka tu.

"Mzee wangu," Fausta akamjibu Donati, "nataka kujua jirani yangu anavyosikia njaa. Nikifunga naye, Mungu hatashindwa kunitambua."

Siku ya kwanza, kufikia adhuhuri, alikuwa ameshagombana na wateja, na mbwa, na moshi. Kisha, akikoroga mchuzi wa kambale, mkono ukachota kijiko kwa mazoea na kukipeleka mdomoni. Kikafuata kingine. Alipoinua uso, Mwanahawa alikuwa amesimama mbele ya kibanda.

"Umesahau," Mwanahawa akasema taratibu. "Kwetu, aliyekula kwa kusahau hana kosa. Endelea na funga yako."

Fausta angeweza kushukuru na yakaishia hapo. Badala yake akakitazama kile kijiko kwa huzuni. "Dada, cha kwanza nilisahau. Cha pili nilikumbuka."

Mwanahawa alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda, na Fausta naye akacheka, njaa na yote.

Habari ile ilivuka mto kabla ya pantoni. Ikasimuliwa kisimani, nje ya msikiti na nje ya kanisa, na vijana waliokuwa wakikwepana wakajikuta wakibishana kama vilikuwa vijiko viwili au vitatu. Jua lilipozama, Mwanahawa akamwita jirani yake. "Njoo ufuturu. Hukufunga, lakini umesumbuka."

Siku zilizofuata kina mama wa jumuiya walikuja na mihogo na magimbi, na Maalimu Hemedi wa madrasa akawaombea dua waliofunga na waliojaribu. Si wote waliopenda. Familia mbili zilihama jumuiya, zikisema Fausta ameliaibisha kanisa. Alizifuata nyumbani mara kadhaa. Moja ilirudi, nyingine haikurudi, na jambo hilo lilimnyima raha. Mzee Donati yeye alifika kwenye futari kukagua kama kuna mtu anayesilimishwa. Alikaa karibu na sufuria ya uji, na ili awe na hakika, akapokea bakuli la pili.

Ijumaa Kuu, Wakristo walipofanya njia ya msalaba juani, walimkuta Mwanahawa ameweka mtungi wa maji kando ya barabara, na kata mkononi. Wengi walikunywa, Donati wa kwanza. Fausta alipofika, Mwanahawa alimnyooshea kata. Fausta, midomo imemkauka, akatikisa kichwa.

"Leo nimefunga," akasema.

Mwanahawa akamtazama vizuri, akaona ni kweli. Akairudisha kata mtungini, akajitanda khanga kichwani na kutembea naye mpaka mlangoni mwa kanisa.