Verlin Zumbrunn na Siku Mbili za Luzern

Hapa kwetu Neuwald, Wisconsin, mtu akitaka kujua habari za tairi huenda kwa Duke Ochsner, akitaka umbeya huenda kanisani, na akitaka kujua Uswisi alikuwa akienda kwa Verlin Zumbrunn. Babu za watu wa hapa walitoka Uswisi na njaa yao, wakaapa hawarudi. Wajukuu wameshiba, ndiyo maana wanaipenda sana. Wana chama chenye ukumbi, wana kofia za manyoya, wana kengele za ng'ombe nyingi kuliko ng'ombe wenyewe. Kila Agosti tunafanya sikukuu, tunakula soseji mpaka vifungo vya shati vinaomba msamaha, kisha Verlin anapanda jukwaani kutusimulia Luzern, mji wa huko Uswisi.

Utaalamu huo aliupata kwa ajali. Ujanani jeshi lilimpeleka Ujerumani, akamaliza muda wake wote akimenya viazi kambini. Siku aliyorudi, watu walimzunguka baa, mmoja akamwuliza, "Basi, Luzern ulifika?" Wakati huo Verlin alikuwa amejaza kinywani jibini la kukaanga, la moto, na alichoweza kutoa ni "Mmh." Kabla hajameza, baa nzima ilikuwa imeshangilia na bia tatu zimewekwa mbele yake. Mtu gani aliyekwisha kunywa bia za watu ataanza kujisahihisha? Mwaka uliofuata ile "mmh" ikaota daraja la mbao lenye paa. Baadaye daraja likapata harufu ya utomvu wa msonobari. Mimi nilipoolewa mji huu, Verlin alikuwa ameshatembea nusu siku msituni kutoka stesheni hadi darajani, ameshapewa mkate na mzee kipofu, na kila mwaka akina mama walilia alipofika kwenye ule mkate.

Hakuwa mtu mwovu. Alitengeneza mashine za kukamulia ng'ombe, alimpenda mkewe Ardis, na udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kumnyima neno mtu anayemtazama kwa hamu.

Balaa lilianza chama kilipokaribia kutimiza karne. Mwenyekiti wetu, Lavonne Streiff, mwanamke ambaye akinong'ona mbwa wa jirani wanaitika, alisimama ukumbini akatangaza kwamba sherehe ya mwaka huo ingefanyiwa safarini. Basi lingetuzungusha Ujerumani, na katikati tungepewa siku mbili za Luzern.

"Wengi wetu ndiyo mara ya kwanza," akasema. "Lakini wa kutupangia tunaye humu humu."

Watu wote wakageuka. Verlin alikuwa akijimiminia kahawa. Kikombe kilijaa, naye akaendelea kumimina.

Kamati ikakaa wiki hiyo hiyo, mimi nikiwa mpika kahawa.

"Haya, kaka Verlin," Duke akaanza, "siku ya kwanza tunaanzia wapi?"

"Darajani."

"Halafu?"

"Mlimani."

"Mlima upi? Hapa kwenye simu naona miwili, mmoja huku, mmoja kule."

"Yote miwili."

"Siku hiyo hiyo?"

"Uswisi treni haichelewi," Verlin akasema kwa ukali, kama aliyetukaniwa mama.

Lavonne alitaka meli ya magurudumu na saa yenye ndege wa mbao. Duke alitaka kumwona simba aliyechongwa mwambani, kuogelea ziwani, na kula jibini la kuyeyusha mchana na usiku. Verlin hakukataa lolote. Kila ombi alilipokea, akalikunja, akalishindilia ndani ya zile siku mbili kama mtu anayefunga begi kwa kulikalia. Tukijumlisha, chakula cha mchana tungekila tukikimbia, na simba tungemwona tukiwa bado na nguo za kuogelea.

Ardis alikuwa pembeni akifuma soksi. "Na kukojoa mmepanga siku gani?" akauliza.

Lavonne akachukua simu ya Duke.

"Ngoja kwanza," Lavonne akasema. Miwani ilikuwa imemshuka puani na kidole chake kilikuwa juu ya ramani. "Verlin, baba, hii simu inaonyesha stesheni na daraja vimekaa jirani kama choo na bafu. Ule msitu wa nusu siku uko wapi?"

Niliona shingo ya Verlin ikigeuka rangi, kuanzia kwenye kola kupanda.

"Wameihamisha," akasema.

"Wamehamisha nini?"

"Stesheni. Zamani ilikuwa huko juu msituni. Wameshusha yote mjini, na reli zake."

Duke akatikisa kichwa polepole. "Mnaona? Sisi hapa daraja la mtaa wa pili linatushinda kupaka rangi. Wenzetu wanabeba stesheni."

Wote wakakubali kwamba wenzetu wako mbali, kikao kikaendelea.

Kilichomwumbua kidogo kilikuwa mlango wa ukumbi. Juu yake yameandikwa maneno *Chum sä sä*, kwa herufi nyekundu za ukubwa wa watoto. Verlin ndiye aliyeyatoa, maana bibi yake alimwita hivyo kila jioni alipokuwa mdogo, naye akatufasiria: "Karibu, moyo wetu unafurahi kukuona." Tumeyachapa kwenye fulana. Tumeyaimba kwenye mazishi.

Siku ya kuzungumza na hoteli ya Luzern kwa video, Lavonne alitupanga mistari miwili na kofia zetu. Mwanamke mmoja aitwaye Regula, mwenye hoteli, akatokea kwenye skrini, safi kama kijiko kipya. Lavonne akahesabu moja, mbili, nasi tukapaza kwa pamoja: "Chum sä sä!"

Regula akatuangalia. "Samahani, mmesemaje?"

Tukarudia, kwa nguvu zaidi.

Akafunika mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kumcheza, machozi yakamtoka, akainama hadi tukabaki kuona kiti. Alipoinuka alisema, "Jamani, msinielewe vibaya, nimefurahi mno. Hivyo ndivyo baba yangu anavyowaita ng'ombe waje kulamba chumvi."

Nyuma yangu mtu mmoja alivua fulana yake taratibu.

Jioni ile Verlin alikaa jikoni kwake bila kuwasha taa. Ardis ndiye aliyenisimulia. Alimwambia mkewe kila kitu: viazi, jibini la moto, ile "mmh". Alimwambia hajawahi kuikanyaga Luzern, hata kwa kupita. Akangoja apigwe kwa sufuria.

"Nimejua tangu fungate," Ardis akasema.

"Umejuaje?"

"Mzee wangu, wewe unapotea ukienda Madison hapa jirani. Luzern ungefikaje peke yako?"

"Mbona hukusema?"

"Watu walikuwa wanafurahi. Na ule mkate wa kipofu mimi huwa naupenda." Akamwekea chakula. "Lakini mimi nataka kwenda. Sijawahi kutoka bara hili. Usipokwenda, nitakwenda na Duke."

Verlin aliazimia kukiri mbele ya chama. Alivaa koti la Jumapili, akasimama, akasafisha koo. Lakini Lavonne alimtangulia: kulikuwa na hoja mezani. Kamati ilikuwa imekaa na kulitafakari jambo la mwanamke wa hoteli, ikaona kwamba watu wa mijini kule Uswisi wamechanganyika na dunia na kuisahau lugha yao, na kwamba asante Mungu imehifadhiwa huku kwetu. Maandishi yabaki. Wanaokubali?

Mikono yote ikapanda.

"Mimi naomba kusema..." Verlin akaanza.

"Keti, baba, keti, tunajua uchungu wako," Lavonne akamwambia, akampigapiga begani. Wakampigia makofi. Akaketi.

Basi tukaenda. Luzern tuliifikia na mvua, na mvua ile haikuwa ya kupita. Ilikuwa imekaa kitako kama mkwe. Ziwa lilikuwa la kijivu, mbingu za kijivu, na milima yote miwili haikuonekana hata unyayo. Duke alikuwa amekula samaki wa mashaka huko Ujerumani. Alishuka kwenye basi ameshika tumbo, akaingia chooni hotelini, na Luzern yake ikaishia hapo. Meli ya Lavonne ilisafiri, ila vioo vilijaa ukungu wa pumzi zetu, tukazungukwa na uzuri tusiouona. Saa yake ya ndege wa mbao aliipata dukani, mwuzaji akamwambia kwa heshima kwamba asili ya saa hizo ni Ujerumani. Lavonne akamsamehe kwa ujinga wake.

Verlin alitembea na ule mpango wake uliolowana mpaka ukawa uji, akautia kwenye pipa. Kisha akamshika Ardis mkono wakaenda darajani, mimi nikiwa nyuma yao na mwavuli. Walitembea chini ya lile paa, wakatembea, wakatembea. Maji yalidondoka pande zote mbili, batamaji walijificha chini, na mahali pote palinuka mbao mbichi na sigara ya mtu.

Katikati alisimama. "Ni refu hivi," akasema.

"Ulisemaje ulipokuwa ukilisimulia?"

"Nilisema la kuvuka kwa pumzi moja." Alishika nguzo kana kwamba ingemponyoka. "Ardis, miaka yote hii nimedanganya kidogo mno."

Mkewe akacheka mpaka akakohoa. Jioni walikula nyama ya kuzungusha kwa Mturuki mmoja karibu na stesheni, aliyekizungumza Kiswisi vizuri kuliko chama chetu kizima, na Verlin akaapa hajala kitu kitamu kama kile.

Asubuhi ya kuondoka, Regula alimtambua kwenye chai. "Ndiye wewe, bwana wa ng'ombe! Usiondoke." Akamleta baba yake, mzee mfupi aliyekuja na trei ya mayai kutoka bonde la mbali, mikono kama mizizi. Verlin, uso mwekundu, akamwambia yale maneno ya bibi yake. Mzee akaweka mayai chini, akasikiliza kichwa kikiwa upande, kisha akamwitikia kwa sauti ndefu ya mlimani, na Verlin akajibu, na hivyo hivyo, mle ndani ya chumba cha chai, wageni wakishika vijiko hewani. Hapo nikaelewa: bibi yake Verlin alikuwa akiita ng'ombe jioni, na mjukuu alikuwa akija pamoja nao. Hakuna aliyekuwa amemdanganya. Mzee alimpa mayai mawili ya kuchemsha ya safarini.

Agosti ilipofika, Verlin alipanda jukwaani, akasema kweli. Alisema mvua. Alisema stesheni iko pale pale ilipokuwa siku zote. Alisema Mturuki na nyama yake, mzee na mayai yake, na daraja ambalo hakuwahi kuliona kabla ya hapo. Kwangu mimi ilikuwa hotuba yake bora. Lakini watu walikohoa, wakajipepea kwa ratiba, na mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake, "Huyu amezeeka. Hata mkate ameusahau."

Lavonne alimwonea huruma. Mwaka uliofuata hotuba akapewa Duke, aliyekuwa ameiona Luzern kupitia tundu la hewa la choo. Duke alitusimulia jua likizama nyuma ya theluji, milima miwili ikiwaka kama dhahabu, na msichana wa mlimani aliyempa maziwa kwenye bakuli la mti. Akina mama wakatoa leso.

Verlin alisikiliza akiwa safu ya nyuma, mikono magotini, mpaka msichana alipoanza kuimba.

"Anasimulia vizuri," akasema.

"Vizuri sana," Ardis akasema. "Twende zetu, mbwa hajala."