Nilimshtaki Yusta kwa Mchungaji

Nimekosa, jamani. Msinitafutie kisingizio, sina. Nilimvunjia mwenzangu ndoa kwa wivu tu!

Mimi ni mwalimu, kwetu Moshi, nikapangiwa Kasulu. Mwaka 2013 nilikaa jirani na Yusta, mwalimu mwenzangu, Muha wa hapahapa. Yusta alifundishwa yoga na daktari mmoja Mhindi aliyefanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kisha yeye akatufundisha sisi walimu wa kike. Alfajiri tulitandika mikeka nyuma ya nyumba, tukaelekea jua linakochomoza, tukainama na kuvuta pumzi taratibu.

Mgongo wangu uliokuwa ukinitesa miaka ukapona. Lakini moyo! Yusta alikunjika kama kitenge. Mimi hata vidole vya miguu sivifikii. Akiniona namkodolea macho, anacheka: "Yewe dada, angalia mkeka wako. Somo la kwanza la yoga ni kutomdhuru mtu. Viungo vitalainika tu."

Maneno hayo yalinichoma. Kila mtu Yusta, Yusta! Kisha akapata mchumba, kijana mpole wa Kagerankanda. Mimi na miaka yangu thelathini na minne, hata wa kuniuliza hali hakuna.

Jumapili ndoa yao ilipotangazwa kanisani mara ya kwanza, mchungaji akasema mwenye pingamizi amwone. Nikaenda! Nikamwambia Yusta anasujudia jua kila asubuhi. Sikusema kwamba na mimi nilikuwa nimeinama pembeni yake.

Wazee wa kanisa wakamwita. Akajieleza kwamba ni mazoezi ya mwili na ya kutuliza akili, hawakumwelewa. Akatengwa, na tangazo la pili halikusomwa. Upande wa mwanamume wakatuma mshenga: mtoto wao haoi mwabudu jua.

Jioni ile akaja kwangu, macho yamevimba. Nikajua leo ndiyo leo, amekuja kunishukia. Akanishika mkono.

"Dada, usiogope. Wamenibana niwataje wenzangu. Wewe sikukutaja."

Nikasema asante. Ee Mungu wangu, nikasema asante!

Aliomba uhamisho, akaenda Kibondo. Mgongo umerudi kuuma na mkeka siwezi kuutandika. Nikifumba macho nivute pumzi, namwona yeye. Hadi leo, 2015, hajui nani alimshtaki.

Wewe unayemwonea wivu rafiki yako, nakusihi: kabla hujaenda kumsema, mwambie usoni kwamba unamwonea wivu. Utaaibika siku moja tu, yataisha. Mimi kila sikukuu Yusta ananitumia salamu, ananiita dada, na mimi naitika.