Kitufe cha Kijivu

"Shangazi, kama hakibonyezeki, kwa nini hawakiondoi?"

Mtoto wa kaka yake shangazi alikuwa bado wa shule ya msingi, kasimama kiwandani mbele ya pipa la kupikia sabuni, macho yamemtoka. Kwenye skrini ya mashine vitufe vyote viling'aa kijani, ila cha moto kilikuwa kijivu.

"Kitufe hakipiki, mwanangu. Kinaomba tu. Mashine inatazama: mfuniko umefungwa? Anayeomba ni nani? Ikiridhika, kinawaka." Akaufunga mfuniko. Kitufe kikawaka, mtoto akapiga makofi.

"Na kwa nini hawaki—"

"Huyu na mimi, nani Kasuku?" akadakia jirani yao, mwenzake shangazi wa zamu, aliyepewa jina hilo kwa mdomo usiopumzika. Wakacheka wote.

Kasuku alikuwa mgeni kazini, na kwa namba yake ya kuingilia kwenye mashine kitufe cha moto hakikuwaka kamwe. Kwa hiyo siku mama yake shangazi alipozidiwa, sabuni iko motoni, shangazi alimnong'oneza namba yake mwenyewe.

"Nenda, shoga yangu," akasema Kasuku. "Mimi si ndugu yako?"

Ndugu huyo akapandisha moto ili awahi kutoka. Pipa zima likaungua. Mashine inajua namba, haijui kidole. Asubuhi ilimtaja shangazi.

"Nilikuwa hospitali," shangazi alimwambia msimamizi.

"Namba ulimpa nani?"

Shangazi akamgeukia Kasuku, akamwachia aseme mwenyewe. Kasuku, ambaye hata mvua ikinyesha atakuhadithia wewe uliyelowa nayo, akatazama viatu vyake.

"Mimi namba ya mtu naijulia wapi?"

Tangu hapo, shangazi akiingiza namba yake, hata mfuniko ufungwe vipi, kitufe cha moto kinabaki kijivu. Anaosha mapipa. Anayepika sasa, kwa namba yake mwenyewe, ni Kasuku.

Miaka imepita. Mtoto yuko sekondari, na Kasuku bado hupita getini kwa shangazi kila asubuhi.

"Jirani, hujambo?"

"Sijambo," hujibu shangazi, mkono kwenye komeo. Zamani angesema karibu chai.

"Si bora usimwitikie kabisa?" mtoto akamuuliza juzi.

Shangazi akamfuata Kasuku kwa macho mpaka kwenye kona.

"Uliwahi kuniuliza kwa nini hawakiondoi. Kikiondolewa, mtu atasahau kwamba kilikuwepo. Salamu yangu ndiyo kitufe hicho. Mwache apite akione, na ajue hakimwakii."